Mcheza Ugenini: Uhakiki wa Safari ya Masaaki Suzuki katika Muziki wa Bach

Utangulizi

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tumeieleza katika mitihani mingi kiasi kwamba tumeacha kuisikia. Anayecheza ngoma nyumbani hupewa tuzo kwa sababu watazamaji ni jamaa zake na ngoma ni yao wote. Lakini vipi yule anayeicheza ngoma ya watu wengine? Methali imemnyamazia. Makala hii inamhusu mtu wa aina hiyo: Masaaki Suzuki, Mjapani aliyezaliwa Kobe tarehe 29 Aprili 1954, mpigaji wa hapsikodi na ogani, kiongozi wa kwaya na okestra, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzipiga na kuziongoza kazi za Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyefariki Leipzig mwaka 1750.

Wanafunzi wenzangu wana haki ya kuuliza: mwanafunzi wa Kiswahili ana nini na Mjapani anayepiga muziki wa Mjerumani? Nitajibu kwa kisa kifupi.

Mimi ni Mganda. Katika Luganda, l na r ni kama sauti moja yenye sura mbili: r hutokea baada ya i na e, na l hutokea kwingineko. Mtoto wa Kiganda hakui akizitofautisha kimaana. Katika mwaka wangu wa kwanza nilisimama mbele ya darasa kuwasilisha uchambuzi wa riwaya yenye sura ya uchaguzi. Nikaeleza kwa sauti ya kujiamini kwamba wananchi waliamka alfajiri siku ya kula, wakapanga foleni ndefu, wakapiga kula. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu mmoja aliyekuwepo akatabasamu, akasema: "Kiswahili kina wenyewe." Sidhani alikusudia kuniumiza. Hata hivyo nilikaa chini nikiwa na swali ambalo sijaliacha mpaka leo: kama kina wenyewe, mimi nakisomea nini?

Mwaka huohuo nilikuwa naimba tena katika kwaya ya kanisa. Tulipokuwa tukijiandaa kwa Ijumaa Kuu, mwalimu wa kwaya alitupa kwenye simu rekodi ya wimbo ambao mahadhi yake yamo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa mengi ya Afrika Mashariki, ule wa kichwa cha Bwana kilichojaa damu na majeraha. Alitaka tusikie jinsi Bach alivyoyapanga mahadhi hayo kwa sauti nne katika kazi yake kubwa ya Mateso ya Bwana kama yalivyosimuliwa na Mathayo, ambayo hapa nitaiita Pasioni ya Mathayo. Niliisikiliza usiku bwenini, nikairudia mara nyingi. Baadaye nikatafuta majina ya waimbaji. Nilitarajia majina ya Kijerumani. Wengi wao walikuwa Wajapani.

Hoja ninayotaka kuitetea ni hii: safari ya Suzuki inaonyesha kwamba haki ya kuishika sanaa ya watu wengine hupatikana kwa kazi. Kazi hiyo ina hatua mbili. Ya kwanza ni usahihi, na mwanafunzi hawezi kuiruka. Ya pili ni kuacha kuogopa kukosea, na wengi wetu hatuifikii. Suzuki mwenyewe, kwa maoni yangu, alichukua miaka mingi kuifikia.

Kutoka Kobe hadi Amsterdam, kisha kurudi

Tuanze kwa kusahihisha picha ambayo huenda nimeichora vibaya. Suzuki hakuukuta muziki wa Bach ukubwani kama mtalii anavyokuta sanamu sokoni. Alizaliwa katika familia ya Kikristo, wazazi wake wakiwa wapenzi wa muziki, na alipofikia umri wa miaka 12 tayari alikuwa akipiga ogani kanisani. Katika Japani jambo hili si la kawaida. Ukristo ulipigwa marufuku nchini humo mwaka 1614, marufuku ambayo haikuondolewa mpaka 1873, na hadi leo Wakristo ni takribani asilimia moja tu ya Wajapani. Kwa hiyo mtoto Suzuki alikuwa na hali mbili kwa wakati mmoja: ndani ya kanisa alikuwa mwenyeji wa nyimbo zile, na nje ya mlango wa kanisa alikuwa kuku mweupe.

Alisomea utunzi na ogani katika chuo kikuu cha sanaa cha Tokyo, kisha akaenda Uholanzi. Huko Amsterdam alijifunza hapsikodi kwa Ton Koopman na ogani kwa Piet Kee. Hapa inafaa kueleza Amsterdam ilikuwa nini wakati huo. Kizazi cha wanamuziki wa Uholanzi na nchi jirani kilikuwa kimeamua kuupiga muziki wa karne ya 17 na 18 kwa vyombo vya wakati huo: fidla zenye nyuzi za utumbo, tarumbeta zisizo na vali, filimbi za mbao. Walisoma vitabu vya kale vya mafundisho, wakachunguza miswada, wakauliza kila alama ina maana gani. Gustav Leonhardt, Mholanzi, na Nikolaus Harnoncourt wa Austria walikuwa wameanza mwaka 1971 kurekodi kantata zote za kanisa za Bach kwa njia hiyo, kazi waliyoimaliza mwaka 1989. Koopman mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Leonhardt. Kwa maneno ya darasani kwetu, Suzuki aliingia katika mapokezi: alipokea kutoka kwa Koopman, aliyepokea kutoka kwa Leonhardt.

Jambo ambalo mhakiki analipaswa kulitazama kwa makini ni kwamba Wazungu hao nao walikuwa wakijifunza upya. Muziki wa Bach ulikuwepo Ulaya muda wote, lakini namna ya kuupiga kwa vyombo vyake ilikuwa imepotea. Waliozaliwa nyumbani walilazimika kurudi shuleni kama wageni. Suzuki alipoketi katika darasa lile, hakuwa peke yake katika kuanza na alifu.

Baada ya kufundisha kwa muda mfupi Ujerumani, alirudi Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Angeweza kubaki Ulaya na kutunzwa huko. Alirudi Kobe, akafundisha, na mwaka 1990 akaanzisha kundi lake la kwaya na okestra, Bach Collegium Japan. Mwaka 1995 kundi hilo lilianza kurekodi kantata zote za kanisa kwa kampuni ya BIS ya Sweden, katika kanisa dogo la chuo cha wanawake cha Shoin mjini Kobe. Kazi ilikamilika mwaka 2013: juzuu 55, miaka 18, kantata zipatazo 200.

Tarehe ya kuanza ina uzito wake. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi liliipiga Kobe na kuua zaidi ya watu 6,000. Juzuu ya kwanza ilirekodiwa Juni ya mwaka huohuo, katika mji uliokuwa bado ukihesabu hasara zake. Ndani yake imo kantata ya 4, kazi ya ujana wa Bach juu ya wimbo wa Pasaka wa Martin Luther, ambayo beti zake saba zote zimejengwa juu ya mahadhi yaleyale, na ubeti wake wa katikati unaeleza vita kati ya kifo na uhai. Mtu anayeisikiliza rekodi hiyo akijua ilikoimbwa na lini, hawezi kusema kwamba waimbaji walikuwa wakijaribu tu kuiga desturi za kigeni.

Konsonanti za watu

Mwanafunzi wa fonolojia ataelewa haraka ugumu wa kazi ya Suzuki. Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi wazi. Karibu kila silabi yake huishia na irabu, isipokuwa chache zinazofungwa kwa sauti kama n, au kwa konsonanti inayorudufishwa. Lugha zote mbili zimechukua maneno ya Kijerumani na kuyavalisha nguo za nyumbani: sisi tuna shule na hela, na Wajapani walilichukua neno Arbeit wakalifanya arubaito, kwa maana ya kibarua cha muda. Sasa chukua neno la Kijerumani kama Angst. Lina irabu moja tu, kisha zinafuata sauti za ng', s na t bila pumziko. Mdomo wa Kijapani ungetaka kusema angusuto. Sisi pengine tungesema angisti. Na Kijapani hakina tofauti ya kimaana kati ya l na r. Wanakwaya wa Suzuki, kwa hiyo, walikuwa na ugonjwa wangu kabisa.

Ukiisikiliza kwaya yao, ugonjwa huo hausikiki. Kijerumani changu ni cha darasa la mwaka mmoja, kwa hiyo nilisikiliza nikiwa na matini mkononi, nikifuata neno kwa neno. Konsonanti za mwisho huanguka pamoja, waimbaji wote kwa mara moja, wala hawapachiki irabu ya kuwasaidia. Katika kwaya yetu, tukiimba kwa Kiingereza, kila mtu hufunga neno kwa wakati wake, na zile t zinatapakaa kama matone ya mvua juu ya bati. Anayejua taabu hiyo atajua kwamba umoja wa namna ile hauji kwa kipaji. Unakuja kwa mazoezi ya kuchosha, neno baada ya neno.

Kwa nini ajisumbue hivyo? Kwa sababu katika muziki wa Bach neno ndilo linaloongoza. Kantata ilikuwa sehemu ya ibada, ikiimbwa karibu na mahubiri na kuyafafanua masomo ya siku. Bach huchora maneno kwa sauti: neno la kushuka hushuka, neno la maumivu hubeba noti zinazogongana, neno la kukimbia hukimbia. Kwaya isiyojua inasema nini itapiga noti zote sawasawa na bado itakuwa imekosea. Turudi kwenye ile kantata ya 4. Kila ubeti wake unamalizika kwa haleluya, neno ambalo sisi sote tunalijua. Katika rekodi ya Suzuki haleluya ya ubeti wa kifo ni nzito, inatembea kama watu wanaotoka makaburini. Ile inayokuja baada ya vita inayeyuka taratibu, sauti moja baada ya nyingine, kama vumbi linalotua. Neno ni lilelile na mahadhi ni yaleyale. Tofauti inatoka kwa mtu aliyeuliza, kabla ya kuimba, haleluya hii inasemwa na nani na baada ya tukio gani.

Usomi huo unaonekana pia katika vijitabu vinavyoambatana na rekodi. Humo Suzuki huandika maelezo ya utayarishaji: mswada upi ameufuata, nakala zinatofautiana wapi, kwa nini ameteua chombo hiki na si kile. Ni kazi ileile tunayofundishwa tunapolinganisha miswada ya tenzi, na yeye ameifanya kwa juzuu baada ya juzuu.

Kuna pingamizi ambalo sitaki kulikwepa. Katika sehemu za mwimbaji mmoja, Suzuki mara nyingi alitumia waimbaji wa Ulaya. Peter Kooij, Mholanzi mwenye sauti ya besi, anasikika tangu juzuu ya kwanza mpaka ya mwisho, na Mjerumani Gerd Türk aliimba tena katika juzuu nyingi. Je, huku si kukiri kwamba mwishoni mgeni humhitaji mwenyeji? Nililifikiria swali hili kwa muda. Jibu langu ni kwamba ndiyo, anamhitaji, na hakuna aibu ndani yake. Mwanafunzi wa Kiganda anayeandika tasnifu kuhusu ushairi wa Lamu akakataa kumuuliza mzee wa Lamu si jasiri, ni mjinga. Lakini angalia mpangilio wake: Kooij na Türk wameketi pamoja na Wajapani kama Makoto Sakurada, katika kundi la Kijapani, chini ya kiongozi wa Kijapani ambaye ndiye anayeamua neno lisemweje. Mwenyeji amealikwa, na bado msomaji mkuu wa matini ni Suzuki.

Mikono juu ya hapsikodi

Mpaka hapa nimezungumzia kwaya, lakini Suzuki ni mpigaji kabla ya kuwa kiongozi, na nadhani uongozi wake hauwezi kueleweka bila vidole vyake.

Hapsikodi inafanana na piano kwa sura, lakini ndani ni chombo kingine. Katika piano nyundo hugonga uzi, na ukibonyeza kwa nguvu sauti huwa kubwa. Katika hapsikodi kijino kidogo, zamani kikitengenezwa kwa shina la unyoya, huukwanyua uzi, na sauti hutoka kwa kiasi kilekile hata ukibonyeza kwa hasira. Mpigaji hawezi kupaza wala kupunguza noti kwa nguvu za kidole. Kilichobaki mikononi mwake ni muda: aichelewesha noti kidogo, aishike mpaka ikutane na inayofuata, au aikate ili pawe na kimya. Kwa chombo hiki, kusisitiza neno ni kulitangulizia pumzi.

Sasa msikilize Suzuki anapoongoza kwaya. Msisitizo wake hauji sana kwa kelele. Unakuja kwa pumzi ndogo kabla ya neno zito. Hiyo ni tabia ya mtu wa hapsikodi, na ndiyo sababu, nadhani, kwaya yake inaeleweka hata pale inapoimba kwa sauti ya chini.

Rekodi zake za hapsikodi peke yake ni nyingi: vitabu viwili vya preludi na fuga 48, Goldberg, partita. Zinazonigusa kwa ajili ya hoja hii ni kazi mbili ambazo Bach alizichapisha pamoja mwaka 1735, Konsato la Kiitaliano na Ufunguzi kwa Mtindo wa Kifaransa. Bach hakuwahi kutoka nje ya nchi za Wajerumani. Uitalia aliujua kwa karatasi: alipokuwa Weimar aliyachukua makonsato ya Vivaldi na kuyaandika upya kwa ajili ya kinanda, na kwa njia hiyo akajifunza jinsi Mwitaliano anavyojenga wazo. Ufaransa aliijua kwa dansi zake na kwa wanamuziki aliowasikia. Kwa hiyo Mjapani anapopiga Konsato la Kiitaliano la Bach, tuna mwanafunzi wa ugenini anayepiga kazi ya mwanafunzi wa ugenini. Yule tunayemwita mwenyewe alikuwa ameketi katika dawati kama letu.

Hata hivyo sitamsifu Suzuki kwa kila kitu. Katika rekodi zake za mapema za hapsikodi nasikia mkono ulio safi mno. Kila mapambo yapo mahali pake na kila kasi ina sababu, lakini ni mara chache mno ninaposhtuka. Mwalimu wake Koopman ni kinyume chake: hupamba kwa wingi, hucheza, mara nyingine hupita kiasi, na ukimsikiliza unahisi kwamba kesho atapiga vingine. Suzuki wa miaka ile anapiga kama mtu anayejua kwamba akikosea, watasema ni kwa sababu ametoka Japani. Huenda ninamsingizia. Lakini hofu hiyo naijua, na nikiisikia mahali siwezi kujifanya sijaisikia.

Pasioni mbili

Ushahidi wangu mkubwa ni rekodi mbili za Pasioni ya Mathayo. Ya kwanza Suzuki aliifanya mwaka 1999 na ya pili mwaka 2019. Kundi ni lilelile kwa jina, Sakurada anaimba katika zote mbili, na noti bila shaka hazikubadilika. Kati yake kuna miaka 20 na karibu kantata zote.

Kazi yenyewe ni kubwa: kwaya mbili, okestra mbili, Mwinjili anayesimulia, na yale mahadhi ya kichwa chenye majeraha yanayorudi mara tano. Mahadhi hayo, kwa njia, yalianza kama wimbo wa mapenzi wa Hans Leo Hassler, uliochapishwa mwaka 1601, kabla hayajapewa maneno ya Ijumaa Kuu. Hata wimbo mtakatifu ulikuwa mgeni kanisani siku ya kwanza.

Rekodi ya 1999 ndiyo niliyoisikia kwanza bwenini, na bado naiheshimu. Ni angavu. Unaweza kuzifuata sauti moja moja kama nyuzi za mkeka. Gerd Türk anasimulia kama mwandishi mwaminifu aliyeandika yote na hataki kuongeza lake. Lakini tazama pale Pilato anapouliza amfungue yupi kati ya wawili. Umati unajibu kwa neno moja, jina la Baraba, kwenye mpigo mmoja wa sauti zinazogongana. Katika rekodi ya 1999 mpigo huo ni sahihi, mkali, umekwisha. Niliuelewa. Haukunitisha.

Katika rekodi ya 2019 jina lilelile linakuja kama mlango uliobamizwa usoni. Nilikuwa nimevaa vipokea sauti, nikavivua. Mwinjili wa safari hii ni Benjamin Bruns, tena mwenye uzoefu wa opera, na anasimulia kama mtu aliyekuwepo uani usiku ule na hajasamehe alichokiona. Anapofika mahali Petro anapotoka nje na kulia, neno la kulia limeandikwa kwa noti nyingi zinazopanda na kushuka. Bruns haziimbi kama pambo, sauti inakaribia kuvunjika. Kwaya nayo imebadilika. Umoja wa konsonanti upo kama zamani, lakini sasa hausikiki kama mafanikio. Umekuwa desturi, na juu ya desturi hiyo watu wanaomba, wanadhihaki, wanajuta.

Kuna kitu kimepotea pia, na ni haki kukitaja. Ule uwazi wa mkeka umepungua, na mahali pengine uzito wa 2019 unafunika sauti za kati nilizozipenda. Msikilizaji anayetaka kujifunza kazi hii ilivyojengwa aanze na ile ya 1999. Lakini nikilazimishwa kuchagua moja, nitachagua ya pili, kwa sababu ndani yake Suzuki haombi tena ruhusa.

Hapa nirudi darasani kidogo. Katika mwaka wangu wa pili niliwasilisha tena. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kura na kula, mahari na mahali, kila usiku kwa muhula mzima. Nilisoma karatasi yangu bila kuteleza hata mara moja. Nikangoja sifa. Kwenye ukingo wa karatasi iliyorudishwa kulikuwa na sentensi moja: "Lugha safi, lakini sikusikia maoni yako." Nilikasirika, kisha nikaisoma tena karatasi yangu na kuona kwamba ni kweli. Nilikuwa nimezilinda r zangu kwa bidii kiasi kwamba sikuthubutu kusema kwamba sura ya mwisho ya riwaya ile ni dhaifu. Nilikuwa na rekodi yangu ya 1999, bila uzuri wake. Makala mengi tunayoandika sisi wanafunzi wa nchi jirani yako hapo: Kiswahili sanifu kisicho na kosa, na mwandishi aliyejificha nyuma yake.

Hitimisho

Mwezi Machi mwaka 2020 Bach Collegium Japan ilikuwa ikizunguka Ulaya kuadhimisha miaka yake 30 wakati korona ilipofunga kumbi. Maonyesho yalifutwa. Wakiwa Köln, badala ya kufungasha na kuondoka mara moja, waliirekodi Pasioni ya Yohane katika ukumbi mkubwa wa mji huo usio na hadhira. Nimekuwa nikiitazama picha hiyo akilini: Wajapani na wenzao wa Ulaya, katikati ya Ujerumani, wakiimba kwa Kijerumani mbele ya viti vitupu. Wenye muziki wako majumbani mwao, na muziki unaendelea.

Wala si mara ya kwanza wenyewe kutokuwepo. Pasioni ya Mathayo iliachwa kwa miongo mingi baada ya kifo cha Bach, mpaka Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 20 aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi, alipoifufua Berlin mwaka 1829. Urithi hukaa kwa anayeutunza, na mtunzaji huyo si lazima awe amezaliwa karibu nao.

Je, Suzuki ametunzwa? Ujerumani ilimpa nishani ya taifa mwaka 2001, na mwaka 2012 mji wa Leipzig, alikofanya kazi Bach kwa miaka 27 ya mwisho ya maisha yake, ulimpa Medali ya Bach. Lakini tuzo ninayoiona kubwa zaidi iko Japani. Mwaka 2018 mwanawe, Masato Suzuki, naye mpigaji wa hapsikodi na ogani, alifanywa kiongozi mkuu wa Bach Collegium Japan akiongoza pamoja na baba yake. Kwa Masato muziki huu haukuwa wa kwenda kuutafuta Amsterdam. Aliukuta sebuleni.

Kiswahili kina wenyewe, ni kweli, na nitaendelea kuwauliza. Nitaendelea pia na mazoezi ya r, kwa sababu usahihi ni heshima kwa wenye nyumba. Ila katika uwasilishaji wa muhula ujao nimeamua kuanza na ile sura ya mwisho ya riwaya, na kusema waziwazi kwa nini nadhani mwandishi aliikimbilia. Nikiteleza na kusema kula, darasa litacheka. Nitasubiri wamalize, kisha nitaendelea na hoja.